Sifuri Hadi Mia kwa Sekunde Ngapi? Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namba za Magari ya Umeme

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ngamiani, Tanga. Zamani mteja akiingia hapa bandani alikuwa anauliza gari linakula lita ngapi. Siku hizi anatoa simu, ananionyesha tangazo la gari la umeme, anaweka kidole juu ya namba moja: "Fundi, hii ni kweli?" Namba yenyewe ni sekunde za kutoka sifuri hadi mia. Nimejibu kwa ujumbe wa sauti WhatsApp mpaka nikaona bora niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Msimamo wangu nauweka mbele. Namba hizo kwa kawaida si za kubuni, zimepimwa. Ila zimepimwa kwa masharti aliyoyachagua anayeuza, na masharti hayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, au hayaandikwi kabisa. Mtu anayetoa mamilioni yake ana haki ya kuyajua.

Sekunde za "0–100" zinapima nini hasa?

Ni muda ambao gari lililosimama linatumia kufikia kilometa 100 kwa saa. Basi. Haisemi mwendo wa mwisho wa gari, wala chaji itakufikisha wapi. Mtaani tunasema gari "linachomoka" au "lina pikapu". Shuleni tulifundishwa kuita mchapuko.

Ukitaka hesabu, kilometa 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Gari la sekunde 8 linaongeza mwendo kwa wastani wa mita 3.5 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Gari la sekunde 3 linaongeza 9.3, na hapo limekaribia kasi ambayo embe huongeza likidondoka kutoka mtini, yaani 9.8. Aliyekaa ndani anasukumwa na kiti kwa nguvu inayokaribia uzito wake mwenyewe.

Mbona gari lilelile tovuti moja inasema 2.9 na nyingine 3.1?

Swali hili aliniletea kijana mmoja wa Chumbageni akiamini ameshika wezi. Gari lilikuwa Tesla Model 3 Performance ya 2024. Tangazo la Marekani linasema sekunde 2.9, la Ulaya linasema 3.1. Gari ni hilohilo.

Namba za namna hii hutofautiana kwa mambo mawili. Wamarekani wanapima hadi maili 60 kwa saa, ambayo ni kilometa 96.6, si 100. Hizo kilometa 3.4 za mwisho zinakula kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa gari kali, na zaidi kwa gari la kawaida. Jambo la pili linaloweza kuzitofautisha namba ni futi ya kwanza, nalo linahitaji jibu lake peke yake.

Hiyo "futi ya kwanza" inayotajwa kwenye herufi ndogo ni kitu gani?

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Marekani kuna mchezo wa zamani wa magari mawili kushindana kwenye njia iliyonyooka, robo maili. Pale mwanzo kuna mwale wa taa unaopita mbele ya tairi. Saa haianzi gari linapoanza kusogea. Inaanza tairi la mbele linapoutoka ule mwale, na kwa jinsi tairi lilivyo duara, gari linakuwa limeshasogea kama futi moja, sentimeta 30 hivi. Magazeti ya magari ya huko yakaichukua desturi hiyo katika vipimo vyao miaka mingi kabla ya magari ya umeme kushika soko, na baadhi ya watengenezaji wakaifuata. Kwa hiyo muda wa futi ya kwanza unaondolewa kwenye hesabu.

Mtu akisikia sentimeta 30 anasema, aa, kitu kidogo. Nami nilisema hivyo. Siku moja asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilichukua chaki nikapiga mstari sakafuni mbele ya tairi la Nissan Leaf, gari dogo la umeme, iliyokuwa bandani, nikaweka rula ya shule ya sentimeta 30, nikapiga mstari wa pili. Tukalisukuma gari kwa mkono polepole mpaka mstari wa pili. Valvu ya upepo ya tairi, iliyokuwa chini karibu na sakafu, haikuwa imefika hata usawa wa katikati ya rimu. Ni mzunguko mdogo kweli. Lakini kumbukeni gari limetoka kwenye kusimama kabisa, na mwanzoni mwendo ni mdogo, kwa hiyo kila sentimeta inakula muda mwingi. Gari linalochomoka kwa kasi ileile ya embe linatumia robo ya sekunde kuumaliza mstari huo. La nusu ya hapo linatumia theluthi moja ya sekunde na kidogo.

Na kuna la pili lisilosemwa sana. Saa inapoanza kuhesabu, gari halipo tena kwenye sifuri. Katika mfano wa kwanza limeshafika karibu kilometa 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Kwa hiyo tangazo linaposema "0" lilitakiwa liseme "9".

Tesla Model S Plaid iliyoingia sokoni 2021 ilitangazwa kwa sekunde 1.99 hadi maili 60, na maelezo yake yenyewe yakasema futi ya kwanza imeondolewa. Ukiirudisha, namba inapita 2. Tofauti ya kushuka chini ya 2 ndiyo iliyobeba tangazo zima, na inatokana na mahali saa ilipoanzia.

Je, ni udanganyifu? Kwangu mimi si udanganyifu ikiwa imeandikwa na ikiwa unalinganisha magari yote yaliyopimwa hivyohivyo. Dhambi ni kuchanganya: kuchukua gari moja lililoondolewa futi na jingine lisiloondolewa, ukayaweka kwenye jedwali moja ukasema hili limelishinda lile. Jedwali la namna hiyo nimeliona mara nyingi, na wauzaji wa mtandaoni wanalisambaza.

Kwani hakuna mamlaka inayopima?

Umbali wa chaji moja, ndiyo. Ulaya gari haliuzwi bila kupitia kipimo rasmi cha maabara kiitwacho WLTP. Sekunde za 0–100 hazimo katika kipimo hicho. Mtengenezaji anapima mwenyewe na kutangaza mwenyewe.

Nguvu ya mota nayo ina jambo la kujua. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 85 inataka mota ya umeme ipimwe pia nguvu inayoweza kuitoa mfululizo kwa dakika 30, na hiyo huwa ndogo kuliko ile ya tangazo. Ndiyo maana kadi ya gari lililotoka Ulaya inaweza kuonyesha kilowati chache kuliko ulizoahidiwa. Hujaibiwa. Namba ya tangazo ni ya kuchomoka kwa sekunde chache, ya kadi ni ya kudumu.

Wanapimia kwenye mazingira gani?

Mazuri mno. Dereva peke yake, hakuna mzigo, barabara tambarare na kavu. Betri imejaa au karibu kujaa, maana chaji ikishuka volti zinashuka na nguvu inapungua nazo. Betri ina joto linalofaa. Kwenye ile Plaid kuna hali maalumu ya mashindano ambayo unaiwasha kisha unasubiri dakika kadhaa gari lipashe betri na kupoza mota, halafu pua ya gari inashuka chini kabla halijaondoka. Hakuna anayefanya hayo akitoka Raskazone kwenda sokoni.

Barabara yenyewe ni jambo kubwa. Ili gari lifike kilometa 100 kwa sekunde 2, tairi linatakiwa lishike lami kwa nguvu ya zaidi ya mara 1.4 ya uzito wa gari. Lami ya kawaida na tairi la kawaida havifiki huko. Ndiyo maana njia za mashindano hupakwa dawa ya gundi. Gazeti la Motor Trend lilipoipima Plaid lilipata 1.98 kwenye njia iliyopakwa gundi, na 2.07 kwenye lami ya kawaida, futi ya kwanza ikiwa imeondolewa kote kuwili. Gari moja, gazeti moja, na chini ya 2 imeponea kwenye gundi.

Nawapa heshima Rimac wa Kroatia kwa namna walivyofanya 2023 na gari lao la Nevera. Walikwenda uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, wakapima kwenye lami isiyopakwa kitu, wakaleta vifaa vya kampuni mbili za nje zinazojitegemea, wakatangaza sekunde 1.81 hadi kilometa 100 na kusema wazi kwamba futi ya kwanza imeondolewa. Ukisoma tangazo la hivyo unajua umeambiwa nini.

Kwa nini gari la umeme linachomoka kuliko la petroli la bei hiyohiyo?

Injini ya petroli lazima izunguke kwanza ndipo iwe na nguvu, na katikati kuna kubadili gia. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu ikiwa imesimama, na magari mengi ya umeme yana gia moja tu. Ukikanyaga, limekwenda.

Lakini mota ikifika mwendo fulani, nguvu ya kuzungusha inaanza kupungua kadiri inavyozunguka zaidi. Utaisikia mwenyewe: 0 hadi 50 inakutupa kitini, 80 hadi 120 imetulia. Wanaouza wanatangaza kipande ambacho gari la umeme linang'ara zaidi. Kwa magari madogo ya mjini wanakifupisha zaidi. BYD Seagull ilitangazwa kwa sekunde 4.9, lakini za 0 hadi 50. Soma namba zote mbili, ya sekunde na ya mwendo.

Nyuma ya gari kumebandikwa "3.8S". Ndiyo spidi yake?

Hiyo ni BYD Seal yenye mota mbili, na maana yake ni sekunde 3.8 hadi 100. Seal ya mota moja ya kilowati 230 inatangazwa 5.9, na ya kilowati 150 ni 7.5. Umbo ni lilelile, rangi zilezile. Tangazo likiandika "kuanzia shilingi kadhaa" na "hadi sekunde 3.8" katika mstari mmoja, bei ni ya gari moja na sekunde ni za gari jingine.

Kweli mwendo unaongezwa kwa programu bila kufungua boneti?

Kweli. Desemba 2019 Tesla waliuza kwa dola 2,000 programu iliyoipunguzia Model 3 ya mota mbili kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9. Mwaka 2022 Mercedes-Benz walitangaza Marekani malipo ya dola 1,200 kwa mwaka. Ukiyalipa, gari lao la umeme la EQE 350 linashuka kutoka sekunde 6.0 hadi 5.1. Mota ni ileile uliyokwisha kuinunua. Moyoni mwangu sipendi kumtoza mtu kila mwaka kwa uwezo ulioko tayari ndani ya gari lake, na nasema hivyo kwa kila mteja. Kwa anayenunua mtumba, uliza kama gari lilipimwa likiwa na programu hiyo, na kama inabaki na gari au inaondoka na mwenyewe wa kwanza.

Leaf yangu ya mtumba itanipa sekunde za kwenye karatasi?

Kwanza jua ni ipi. Leaf za mwanzo zilikuwa na mota ya kilowati 80 na zinakaribia sekunde 12. Ile iliyobadilishwa umbo 2017, ya betri ya kilowati-saa 40, ina kilowati 110 na inatangazwa 7.9. Watu wananiletea ya kwanza wakiwa na karatasi ya pili.

Betri iliyochoka inapunguza zaidi umbali kuliko kuchomoka. Chaji ikiwa juu, Leaf inayoonyesha kwenye dashibodi vipande 9 kati ya 12 vya afya ya betri bado itaondoka vizuri. Utaona tofauti chaji ikishuka, maana betri iliyochoka volti zake zinaanguka ukikanyaga. Ikizidi, inawaka taa ya kobe kwenye dashibodi, na hapo gari limebana nguvu kwa makusudi ili kulinda betri. Dada mmoja mwalimu aliwahi kuwashiwa kobe akipanda kutoka Muheza kwenda Amani, akadhani mota imeungua. Mota ilikuwa nzima. Aliondoka na chaji ndogo na mlima ni mrefu.

Joto letu la pwani je?

Kwa mkanyago mmoja, joto si adui. Betri baridi ndiyo nzito kutoa umeme. Tatizo ni kurudia. Ukichomoka mara tano mfululizo, betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) na mota vinapata moto, na gari linaanza kupunguza nguvu lenyewe. Leaf za aina hizo mbili hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, hivyo Februari saa saba mchana usitegemee mkanyago wa tano ufanane na wa kwanza. Tangazo huandika ule uliotoka vizuri.

Nikipanda nalo Lushoto?

Hapo umeme unashinda. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota haivuti hewa.

Kwenye barabara ya vumbi zile sekunde zinabaki?

Hazibaki hata kidogo. Tulilijaribu jambo hili kwenye njia ya ndani ya shamba la mkonge, kwa ruhusa ya msimamizi, njia tupu, tukiishia 50. Moram kavu, changarawe juu. Dereva alipokanyaga yote, tairi za mbele ziliparura, mawe yakapiga chini ya bodi kama mvua ya bati, na ile taa ya gari linaloteleza ikawa inawaka na kuzima bila kukoma. Gari lilikuwa linajikatia nguvu ili lisisererereke. Alipokanyaga nusu, taratibu, likafika 50 mapema kuliko alipokanyaga yote. Tulirudia pande zote mbili kwa sababu hatukuamini. Kilowati ulizonunua, moram inachukua chache na nyingine inazikataa.

Si nitalipita lori kirahisi kwenye barabara ya Segera?

Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu najua kwa nini mnauliza. Hebu tufanye hesabu. Lori la mita 16 linakwenda 60. Unaacha mita 20 nyuma yake na mita 20 mbele yake, ongeza urefu wa gari lako. Unatakiwa ulipite kwa kama mita 60, na tuseme unaishia mwendo wa 80.

Tuseme gari lenye nguvu linatoka 60 hadi 80 kwa sekunde 2.2. Kazi yote ya kulipita lori inachukua sekunde 12, na umetembea mita 260. Gari lenye nguvu ndogo linalotumia sekunde 5 kutoka 60 hadi 80 linamaliza kwa sekunde 13.3 na mita 282. Tofauti haifiki hata sekunde moja na nusu. Basi linalokuja mbele kwa 80 nalo limetembea mita 267 katika zile sekunde 12. Kwa hiyo hata ukiwa na gari kali unahitaji kuona zaidi ya nusu kilometa tupu mbele yako. Kuchomoka kunasaidia, lakini hakufuti kona wala kilima. Anayekanyaga zaidi ya 80 ili kufupisha muda huo, hizo sekunde hazijatoka kwenye mota, zimetoka kwenye mwendo.

Video za mtandaoni zinazoonyesha dashibodi na saa, niziamini?

Hapana. Sheria za kimataifa zinaruhusu dashibodi ionyeshe mwendo mkubwa kuliko wa kweli, hairuhusiwi kuonyesha mdogo. Mshale ukigusa 100 gari linaweza kuwa kwenye 95. Saa imesimamishwa mapema. GPS ya simu ya kawaida nayo husasisha kama mara moja kwa sekunde, na huwezi kupima sehemu ya kumi ya sekunde kwa kitu kinachoangalia mara moja kwa sekunde. Vifaa vya kazi hiyo husoma mara 10 kwa sekunde au zaidi, na vizuri zaidi hukagua kama njia ina mteremko.

Gari la umeme lililochomoka kuliko yote ni lipi?

Septemba 2023 wanafunzi wa Zürich na Lucerne, Uswisi, walifika 100 kwa sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3. Gari lao lina uzito wa kilo 140 hivi na lina mashine ya kulinyonya chini lishike lami. Halina kiti cha abiria.

Nimwandikie nini muuzaji kabla sijatuma pesa?

Wengi huona aibu kuuliza, wanaogopa kuonekana hawajui. Huu ndio ujumbe ninaowapa wateja wangu, unakili kama ulivyo:

"Habari za kazi. Naomba unithibitishie kuhusu gari hili: sekunde ulizoandika ni hadi kilometa 100, maili 60 au kilometa 50? Futi ya kwanza imeondolewa au imehesabiwa? Ni za toleo hilihili unaloniuzia, lenye mota ngapi na kilowati ngapi? Kuna programu ya kulipia iliyowashwa, na inabaki na gari? Na naomba picha ya dashibodi ikionyesha vipande vya betri, gari likiwa limewashwa."

Akijibu la kwanza na la mwisho tu, muulize tena yale ya katikati.